Mjadala: Tulazimishe USB-C kwa sheria, au tuanze na waya?

Mwanzisha mada

Wakuu, salamu. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, simu mpya haiingii sokoni Umoja wa Ulaya bila tundu la USB-C, na kwa laptopu siku iliyopangwa ni 28 Aprili 2026. Huku kwetu kila nikikaa kijiweni namsikia mtu akisema TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, nao waige, tuachane na droo zilizojaa chaja za kila sura. Mimi napinga. Si kwamba naipenda hiyo droo. Tundu likifanana, watu wataamini na kilichomo ndani kinafanana.

Kilichonifungua macho ni ruta. Umeme mtaani kwetu hukatika jioni, ruta inataka volti 12, na mimi nina pawabenki iliyoandikwa wati 65. Nikanunua bodi ya majaribio yenye chipu ya STUSB4500, ambayo kazi yake ni kuongea na chaja kwa niaba ya kifaa na kuomba volti unazotaka. Nikaandika ombi langu kwenye kumbukumbu ya chipu: volti 12, ampea 1.5, kipaumbele cha juu. Nikachomoa, nikachomeka tena. Mita ikasoma 5.1. Nikabadilisha waya: 5.1. Nikageuza kichwa cha waya: 5.1. Nikaanza kuishuku risasi ya kulehemu, nikapitisha pasi ya kulehemu kwenye kila mguu wa chipu hadi mke wangu akaja kuuliza nini kinanuka.

Asubuhi nikaisoma pawabenki mgongoni kwa tochi ya simu. Maandishi madogo kama mchanga: 5, 9, 15, 20. Kumi na mbili haimo! Kumbe hizo nne ndizo ngazi za kawaida za USB PD, ile lugha ambayo chaja na kifaa hupatania umeme, na 12 ni hiari ya mtengenezaji. Chipu ilipokosa ilichoomba ikabaki kwenye volti 5, kama ilivyoundwa ifanye. Bodi ilikuwa nzima, ombi ndilo bovu.

Nikaomba 15. Kwa tamaa nikaandika ampea 4, ikagoma tena, maana chipu hiyo haitazami volti peke yake: chaja ikiahidi ampea pungufu ya ulizoandika, ombi linarukwa. Nikashusha hadi 2. Mita ikaruka hadi 15, nikaweka kishusha volti mbele yake, ruta ikawaka. Usiku mzima umekwenda, na tundu lilikuwa lilelile.

Mwalimu wa umeme

Ndugu, umeisoma sheria nusu. Haisemi tundu tu. Kifaa kinachochajiwa kwa zaidi ya wati 15 lazima kiongee USB PD, na kwenye boksi iwepo alama ya wati za chini na za juu. Mnunuzi ana haki pia ya kuchukua simu bila chaja kama anayo nyumbani. Halafu ruta haimo kabisa kwenye orodha ya vifaa vyake, kwa hiyo kisa chako ni kitamu ila kimekaa pembeni. Mama anayeuza genge haombi volti 12. Yeye amechoka kununua chaja kila anapobadilisha simu. Kwake tundu moja ni pesa mfukoni.

Mwanzisha mada

Mwalimu, hapo kwenye ruta umenibana, nakubali. Ila lebo yenyewe inataja wati, haitaji volti, na inakaa kwenye boksi la simu. Waya anaonunua mama wa genge unakuja kwenye nailoni, hauna boksi.

Na waya ndio unaoua. Waya wa USB-C unaotoka kwenye kichwa kile cha zamani, cha bapa, lazima uwe na rezista, kile kipande kidogo cha kuzuia umeme, ya kiloomu 56 ndani. Akiweka mtu ya kiloomu 10, waya unaiambia simu "vuta ampea 3, usiogope", hata kama umechomekwa kwenye tundu la kompyuta ya zamani lisiloweza hata nusu ya hizo. Benson Leung, mhandisi wa Google, alianza kuzipima nyaya za namna hii mwaka 2015 na kuzianika hadharani moja baada ya nyingine. Mwaka 2016 akapata uliofungwa chanya mahali pa hasi, ukaiua laptopu yake palepale. Tundu lake lilikuwa sahihi kabisa.

Muuza vifaa, Kariakoo

Nyie mnaongea vizuri kwa sababu hamlipi kodi ya fremu. Waya wa elfu tatu ukipelekwa kupimwa utarudi elfu kumi, na mteja ataniacha aende kwa machinga pale nje. Nani atapima? Kontena moja lina nyaya ngapi? Mkitunga sheria ya waya, mtakuwa mmenifungia mimi duka na mmemwachia yeye njia.

Mwalimu wa umeme

Hapo muuzaji ana hoja. Na tusidhani kupima ni dawa ya kila kitu. Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ilitoka mwaka 2019 ikiwa na rezista moja mahali palipotaka mbili. Ikawa inakataa chaja pale waya ulipokuwa mzuri zaidi, wenye chipu yake ndani, na ikikubali waya wa bei rahisi. Waliojua kazi walipitiwa, sembuse ofisa wa bandarini.

Mwanzisha mada

Sisemi kila waya. Zivutwe chache kwenye kila kontena, kama wanavyochota unga. Rezista unaipima kwa mita ya kawaida na bodi ndogo ya kutolea pini, dakika moja. Muuzaji, nipe nyaya kumi kutoka kwenye rafu yako, sichagui, nizipime mbele yako.

Muuza vifaa, Kariakoo

Njoo Jumapili, siku hiyo wateja wachache. Matokeo usiyatangaze kwa sauti. Na hiyo bodi yako ikiunguza chaja yangu, unalipa.