Yule tabibu wa mlango wa nne kampokonya mama yangu kalamu!

Kitindamimba wa Tandika:
Wakuu, nimeshuka kwenye daladala sasa hivi, mikono bado inatetemeka, msinihesabie makosa ya uandishi. Jina sitaji. Watu wa njia ya Mbagala wote mnamjua.

Kampokonya mama yangu kalamu. Mama yangu! Mwanamke wa miaka 63, tangu alfajiri kajitanda kanga mpya kwa heshima ya kwenda kwa daktari.

Iko hivi. Julai, kwenye upimaji wa bure wa homa ya ini, mama akaonekana ana C. Wakasema tuanzie kituo cha karibu. Leo tumekaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, mtoto aliyekuja kwa kikohozi angetoka pale na mvi. Tunaingia, jamaa anashika karatasi kwa ncha za vidole viwili kama kamshika panya mkia. "Hii C haina dawa, bibi. Weka saini kwenye daftari, mrudi nyumbani mkajipange." Mama akanyoosha mkono achukue kalamu. Akaipokonya! "Acha, acha kalamu yangu!" Akaipangusa kwa pamba ya spiriti mara tatu, nimehesabu. Biro ya bluu, kifuniko kimetafunwa hadi kimekuwa mswaki. Yaani meno yake yanashinda hapo tangu Uhuru, halafu kidole cha mama ndicho kitamuua?

C inapita kwa damu. DAMU! Si kwa kalamu, si kwa kikombe, si kwa kupeana mkono. Mama aliongezewa damu 1986 alipomzaa kaka yangu, na kirusi chenyewe kimekuja kugunduliwa 1989. Nani angeipima damu ile?

Na eti haina dawa! Ni vidonge, sofosbuviri na daklatasviri, unameza mara moja kwa siku, wiki 12, na zaidi ya watu 95 katika 100 wanapona. Sisemi kupunguza makali, nasema kupona. Misri wameshatibu watu zaidi ya milioni 4. Shirika la Afya Duniani tangu 2022 linahimiza tiba ishuke hadi vituo vya chini, itolewe hata na wasio mabingwa, hata wauguzi. Huyu wetu kipimo cha pili tu, cha kuona kama kirusi bado kimo mwilini, hakuandika! Kile cha kwanza kinaonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi, basi, na kama watu 30 katika 100 hukiondoa wenyewe bila dawa. Huenda mama hana kitu. Huenda hana kitu na kapokonywa kalamu!

Njia nzima hakusema neno. Mkono ule kauficha ndani ya kanga hadi tunafika.

Kondakta Mstaafu:
Huyo huyo! Alimwambia shemeji yangu ana minyoo. Mimba ilikuwa ya miezi saba.

Bwana Nazi:
Mkuu, uzi wote huu kwa biro ya shilingi mia tatu? Mnunulie mama boksi zima yaishe.

Kitindamimba wa Tandika:
Silii biro. Mwanao akimwona bibi yake anapanguswa kama mdudu mbele ya watu, utamwambia habari za mia tatu?

Tabibu wa Bondeni:
Mimi ni tabibu, si huyo. Kwa kalamu kakosa adabu, simtetei, na mama apewe pole. Ila chuoni C nilifundishwa mistari miwili, na wa pili unasema mpeleke kwa bingwa. Kituoni kwangu kipimo cha malaria kipo, cha VVU kipo, cha kaswende kipo. Cha C sina. Vidonge hivyo sijawahi kuviona kwa macho. Mwongozo ukija unalala kwenye kabati la mganga mfawidhi.

Mpeleke mama hospitali ya rufaa, muombe kipimo cha wingi wa virusi. Apimwe pia homa ya ini B kabla ya kuanza dawa, maana ukitibu C, B iliyolala inaweza kuamka. Waangalie pia kama ini limeanza kusinyaa. Na kama anameza dawa za kifua kikuu aseme mapema, rifampisini inaziharibu kazi dawa za C.

Kitindamimba wa Tandika:
Ahsante kaka, nimeandika yote. Lakini si angesema tu "mama sijui, ngoja niulize"? Tungemsubiri hadi usiku. Kalamu aliipokonya ya nini?

Mkaanga Mihogo:
Afadhali nyie mmeambiwa haina dawa. Mimi chanjo ya ini nimechomwa mbili, ya tatu kila nikienda imeisha. Hiyo ni ya C au ya B?

Tabibu wa Bondeni:
B. C haina chanjo. Usikate tamaa, kamalizie ya tatu.

Mama Pacha:
Imeisha dirishani, ila famasi ya ng'ambo ya barabara haijawahi kuisha. Nimezaa pacha nimenunua hadi glavu!

Bwana Nazi:
Glavu? Mke wangu aliambiwa aje na wembe, uzi na beseni. Nikauliza, tulete na mkunga?

Kitindamimba wa Tandika:
Jamani turudi kwenye kalamu.

Kondakta Mstaafu:
Kalamu tumeelewa. Sasa ufunguo wa choo cha pale anao nani? Mara ya mwisho alikuwa nao mlinzi, na mlinzi kaenda kula.

Mama Pacha:
Bado anakula. Mimi nilikwenda kujisaidia msikitini.