Mtu akishaugua akili ndo haruhusiwi tena kudai kilo zake kwenye mizani?

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi, mana yaliyotokea Jumanne kwenye ghala la korosho la chama chetu cha msingi cha ushirika huku Tandahimba, Mtwara (jina silitaji, wenyewe wanajijua) yamenikosesha usingizi siku ya tatu leo.

Mdogo wangu ana sizofrenia, ugonjwa wa akili. Nasema wazi kwa ridhaa yake, tumekaa tukaongea akaniambia andika dada. Alianza kuugua akiwa na miaka 22, enzi hizo yuko Dar anauza nguo Kariakoo, saivi ana 31 na yuko huku nyumbani. Anachomwa sindano yake kila mwezi, hajaruka hata moja tangu mwaka juzi, analima, anapulizia mikorosho dawa ya salfa mwenyewe, shamba la marehemu baba lilikuwa pori kabisa na yeye ndo kalirudisha, mkorosho mmoja baada ya mwingine, kwa jembe na panga.

Jumanne kapeleka korosho. Asubuhi tulizipima hapa nyumbani kwa mizani ya jirani, gunia moja moja, daftari nimeshika mimi: kilo 312. Korosho zimekaa juani siku tatu, kavu, ukizitikisa zinalia. Tukapakia kwenye toyo akaondoka. Kufika ghalani mizani yao ikasoma 287. Kilo 25 zimeyeyukia wapi kwa safari ya nusu saa?

Akauliza. Wakamwambia sogea pisha wenzio. Akauliza tena, akaomba zipimwe upya, hapo sauti ikapanda, ndio ilipanda, kwani nani asiyepandisha sauti akiona jasho la mwaka mzima linakatwa mbele ya macho yake? Yule karani wa mizani badala ya kujibu habari ya mizani akamtazama akasema "dogo, leo dawa umemeza?" Ghala zima likaangua kicheko. Mwingine akadakia "dishi limeyumba hilo". Kijana mmoja akatoa simu akaanza kurekodi. Mdogo wangu mikono inamtetemeka, na inatetemeka kwa sababu ya dawa, zile dawa zinatetemesha mikono, zinakaza mwili, wengine zinawatoa mate, lakini ukiangalia ile video unaona tu mtu anatetemeka na anafoka, basi habari yake imeisha hapo hapo. Jioni ilikuwa kwenye grupu la WhatsApp la kijiji, na waliocheka ni watu waliokula pilau kwenye msiba wa baba yetu.

Wakaita mgambo. Mimi nikapigiwa simu "njoo mmchukue mgonjwa wenu". Nimefika na bodaboda nikamkuta kakalishwa chini kwenye magunia matupu, mgambo kamsimamia, na risiti ishaandikwa 287.

Sasa sikilizeni kinachonichoma. Wiki moja kabla, ghala hilo hilo, mizani hiyo hiyo, mzee mmoja wa hapa kijijini aliona kilo zake zimepungua akaipiga teke mizani na kuwatukana mpaka mama zao. Wakamletea kiti. Wakamwambia mzee wetu tulia, tunaangalia. Wakapima upya na kilo zikaongezeka, watu wameona. Mzee anayetukana ni mkulima mwenye hasira, mdogo wangu asiyetukana mtu ni mgonjwa anayeanza. Hasira yake hata iwe ya haki namna gani inahesabiwa dalili.

Na siyo ghalani tu. Akicheka sana "imeanza", akikaa kimya "imeanza", akikataa kumkopesha mtu hela "imeanza tena hiyo". Mwaka jana kashikwa na homa, kaenda zahanati moja, walipoona kadi yake ya kliniki ya akili wakamwambia nenda kwenye kliniki yako. Anatetemeka kwa baridi juani! Siku ya tatu nimeenda mwenyewe kugomba ndo wakampima, malaria. Siku tatu mtu mzima na malaria yake kwa sababu ya rangi ya kadi.

Wapo watakaosema ni ushamba wa kijijini, subirini elimu itafika. Huyo karani kasoma mpaka fomu six. Na mimi sisemi familia yetu ilikuwa safi. Alipoanza kusikia sauti mjomba ndo aliamua, mnajua huku neno la mjomba lilivyo, ni majini haya, apelekwe kwa fundi, yaani mganga. Kakaa huko miezi saba mguu mmoja kwenye mnyororo umefungwa kwenye nguzo, mvua na jua. Baba kaweka rehani mikorosho 15 kulipa. Kovu lipo mpaka leo juu ya kifundo, ndo mana havai kaptula hata kwenye joto la Desemba. Aliyekuja kumtoa ni mama, peke yake, kabishana na kaka yake mpaka wakanuniana mwaka mzima, akampeleka hospitali. Dawa za kwanza zilimlaza kama mzigo, wakabadilisha, wakabadilisha tena, ndo wakafika kwenye hii sindano ya mwezi. Hakuna jini lililotoka. Ni ugonjwa wa ubongo unaotulizwa na dawa, kama presha, na presha hakuna anayeulizwa mbele za watu kama kameza.

Shirika la Afya Duniani linasema sizofrenia inampata takriban mtu mmoja kati ya 300. Kwa hesabu hiyo kijiji cha watu 3,000 kinaweza kuwa na kama kumi. Hapa kwetu anajulikana mdogo wangu na mmoja anayelala sokoni. Wengine wako wapi? Vyumba vya nyuma, kwa mafundi, na mama zao wakiona video kama hii wanazidi kufunga mlango.

Sheria zipo. Ya Afya ya Akili ni ya 2008, ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010, na hii ya pili haikuishia kwa asiyeona na asiyetembea, inamhesabu pia aliyekosa nafasi sawa na wenzake kwa sababu za akili. Katiba ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Halafu ibara ya 5 ya Katiba hiyo hiyo inaruhusu Bunge kutunga sheria ya kumzuia raia asipige kura kwa ugonjwa wa akili. Nimeisoma hiyo mara mbili na moyo umeniuma sana, mana mdogo wangu yeye kapiga kura na anajua kampigia nani na kwa nini.

Ninachodai: kilo 25 zirudishwe, yule karani amwombe msamaha pale pale ghalani mbele ya watu walewale, na aliyerekodi afute. Nimeshaandika barua kwa viongozi wa chama na nakala naipeleka ushirika wilayani. Mwenye uzoefu wa kufuatilia haya aniambie nianzie mlango gani.

Na niseme hili pia japo ni gumu. Nilipofika pale ghalani, kabla sijamuuliza karani kitu, neno langu la kwanza kwa mdogo wangu lilikuwa "dawa umemeza?" Mimi niliyeandika 312 kwa mkono wangu. Hakunijibu, kaniangalia tu.

Yamebaki magunia matatu, yapo hapa sebuleni. Jana jioni kaniambia dada peleka wewe, wewe watakupimia vizuri. Nimemkatalia. Kanyanyuka kaenda kulala bila kula, na leo mawingu yameanza kujikusanya toka asubuhi.