Damu ya mtoto kwa utafiti wa kansa: tutoe ama tukatae?

Wadau wa Mombasa, nataka tuliongee hili wazi manake kwetu Kisauni limeleta mtafaruku mpaka sahii watu salamu zenyewe ni za shingo upande.

Mpwa wangu ana miaka mitatu. Idi iliyopita tulipiga picha za usiku kwa simu, flashi ikawaka, watoto wenzake macho mekundu, yeye jicho moja lang'ara jeupe, tukapita tu. Kumbe ni retinoblastoma, kansa ya jicho ya watoto wadogo. Jicho likatolewa, na alhamdulillahi mtoto yuacheza. (Ukiona weupe kama huo kwa picha ya mwanao usingoje, mpeleke akaangaliwe macho kesho.)

Baada ya operesheni dadangu akaletewa fomu ya utafiti wa jeni, yaani yale maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Wataka damu ya mtoto, ya mama, ya baba, na ya mdogo wake wa miezi mitano, na sampuli zaweza kupelekwa ng'ambo. Dadangu yuataka, shemeji hataki hata kusikia. Yeye asema damu ikishapanda ndege hairudi, na akataja yule mama wa Marekani, Henrietta Lacks, seli zake zilichukuliwa 1951 bila kuulizwa zikauzwa dunia nzima, watu wake wakaja kujua baada ya miaka zaidi ya 20. Hilo ni kweli, sibishani naye. Mamake shemeji naye ana lake: mkitangaza kansa iko kwa damu yetu, hawa wasichana nani atakuja kuwaposa? Msimcheke mama wa watu, posa zavunjika kwa madogo kuliko hayo.

Lakini sikilizeni. Kansa hii katika watoto kama 4 kwa kila 10 hitilafu ya jeni iitwayo RB1 iko mwili mzima, na mwenye nayo kila mtoto atakayemzaa ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Waliobaki imeanzia jichoni tu haina habari na ukoo. Wetu ni jicho moja, yaani yaweza kuwa hii ama ile, na huwezi kujua mpaka damu ipimwe. Na hapo ndipo kuna yule mchanga wa miezi mitano! Bila jibu itabidi alazwe kwa dawa ya usingizi aangaliwe macho tena na tena miaka kadhaa. Jibu likipatikana, pengine yeye hana, basi asumbuliwe ya nini?

Sasa ukisoma fomu ukurasa wa nyuma yasema matokeo hayatarudishwa kwa familia. Dadangu akauliza, akaambiwa huu ni utafiti si matibabu. Hapo ndipo moyo uliponiuma. Mwachukua damu ya watu wanne wa nyumba moja, mwajua kilichomo, halafu mwanyamaza na kuna mtoto kitandani? Najua jibu la utafiti lafaa lipimwe tena kwa maabara ya hospitali kabla mtu hajaamua kitu, basi lipimwe, lakini tuambiwe.

Mimi sisemi tukatae. Daktari Alfred Knudson mwaka 1971 aliangalia wagonjwa 48 tu wa kansa hii hii akatambua kwamba jeni sharti ipigwe, yaani iharibike, mara mbili ndio kansa ianze, na kuna wanaozaliwa na pigo la kwanza tayari. Ugonjwa ni nadra, bila familia kujitoa hakuna atakayejifunza kitu. Msimamo wangu ni mmoja: tutoe damu, na jibu lirudi nyumbani.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Aliyesema tudai pesa, hapana ndugu yangu, damu ya mtoto hatuuzi, twataka jibu. Na aliyeuliza mtoto hajakubali mwenyewe, umesema la maana sana. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yaihesabu data ya jeni kuwa nyeti na ya mtoto yataka ridhaa ya mzazi, ila mimi naona akifika miaka 18 aulizwe upya, akisema sampuli itupwe itupwe.

Fomu bado iko juu ya kabati. Alhamisi twarudi nayo na shemeji amekubali kuja, yeye ndiye atakayeuliza hilo swali. Kama kuna mzazi hapa ashatia sahihi fomu kama hii, hebu nieleze: jibu mlipata?