Re: Kijana kapata Hamline, hivi ni chuo cha kanisa?

> Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mtoto wa dada yangu yuko Mbeya kapata nafasi chuo cha Hamline, St. Paul, Marekani. Dada kasikia ni chuo cha Wamethodisti na sisi ni Wamoravian, anaogopa mtoto atabadilishwa dini. Halafu kuna mtu kamwambia huo mji umejaa seminari tu. Wenyeji wa Minnesota naombeni msaada.

Marahaba mdogo wangu, hongereni sana. Mwambie dada atulie. Hamline kweli ilianzishwa na Wamethodisti mwaka 1854, hata Minnesota ilikuwa haijawa jimbo, ikaanzia mji wa Red Wing ndo baadae ikahamia St. Paul 1880. Lakini leo wanasoma watu wa dini zote na hakuna anayelazimishwa ibada.

Huyo aliyesema mji umejaa seminari hajakosea sana, maana hata jina la mji limetoka kanisani. Zamani paliitwa Pig's Eye, yaani Jicho la Nguruwe, jina la utani la muuza pombe mmoja, Pierre Parrant, mpaka 1841 padri Mfaransa Lucien Galtier akajenga kakanisa ka magogo pale juu ya mto Mississippi akakapa jina la Mtakatifu Paulo, na mji wote ukafuata. Baada ya hapo kila kundi la wahamiaji likaja na kanisa lake na shule yake. Wapresbiteri wana Macalester, ndo alikosoma Kofi Annan akamaliza 1961. Askofu mkuu John Ireland akaanzisha 1885 seminari ambayo leo ni University of St. Thomas. Masista wa Mtakatifu Yosefu nao wakaanzisha St. Catherine 1905 kwa ajili ya wasichana. Ile Saint Paul Seminary ya 1894 ilijengwa kwa dola 500,000 za tajiri wa reli James J. Hill, na yeye hata Mkatoliki hakuwa, Mkatoliki alikuwa mkewe Mary! Walutheri wana Luther Seminary, wachungaji wetu wengine wa KKKT wamepita hapo, na sinodi ya hapa ina ushirika na Dayosisi ya Iringa unaoitwa Bega kwa Bega, hivohivo kwa Kiswahili.

Lakini kanisa ninalolipenda mimi ni Pilgrim Baptist. Mwaka 1863 Robert Hickman na wenzake walitoroka utumwa Missouri wakapanda na mto mpaka hapa, wakaanza kusali pamoja. Weusi wa mji huu baadae wakajenga mtaa wao wa Rondo, halafu serikali ikaja kuupasua katikati kupitisha barabara ya I-94. Mtoto akifika mpelekeni akaone, asijue chuo peke yake.

Sasa ya muhimu. Seminari kwetu mara nyingi ni sekondari, huku mara nyingi ni ya mtu mwenye digrii tayari anayesomea uchungaji au upadri, kwa hiyo mtu akimwahidi kijana wa form six "seminari Marekani" muulizeni maswali. Nasema hivi kwa sababu ndugu yetu mmoja alilipa ada miaka miwili chuo chenye jina zuri la kanisa, kumbe hakina ithibati, alipotaka kuhama hakuna aliyepokea hata somo moja, nililia naye. Angalieni chuo kimetambuliwa na Higher Learning Commission, chombo kinachotoa ithibati kwa vyuo (Hamline imo). Barua ya kukubaliwa peke yake haitoshi kuombea viza, lazima apate I-20, yaani fomu ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi, na kabla ya kuitoa chuo kinataka kuona uthibitisho wa pesa kwanza. Ada inayoandikwa kwenye tovuti isiwatishe, aandikie ofisi ya udahili aulize msaada wa ada mapema.

> Asante sana dada, nimemsomea mama yake kwa simu neno kwa neno. Anauliza, Wamoravian wapo huko?

Wapo, Chaska na Waconia, ila ni mbali upande wa magharibi, bila gari hafiki. Akishatua aniambie, Jumapili ya kwanza nitampeleka mwenyewe.