Ripoti za kulinganisha majaribio ya mwani zinabadilika zenyewe baada ya kutumwa, na wenye jukwaa wanatuambia ndivyo zilivyokusudiwa

Ndugu zangu, assalaamu alaykum.

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitajifanya kwamba imepoa, ingawa nimejizuia wiki nzima nisiandike neno mpaka nihakiki kila tarakimu nitakayoitaja. Mimi ni mmoja wa watu sita wanaoendesha mradi mdogo wa majaribio ya mwani kisiwani Pemba, pamoja na kituo kimoja upande wa Unguja. Kwa zaidi ya mwaka tumekuwa tukililipia jukwaa moja la utafiti la mtandaoni, ambalo sitalitaja kwa jina, kwa sababu moja tu: wenyewe wanatangaza kwamba mtafiti atapakia vipimo vyake, atachagua majaribio anayotaka kuyalinganisha, na ripoti itakuwa tayari kabla chai haijapoa. Ripoti huwa tayari kweli. Tatizo ni kwamba haibaki kama ilivyokuwa, wala haisemi imehesabu nini.

Nieleze kwanza kwa nini jambo hili si la kuchekea. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza hapa Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na leo sehemu kubwa ya mwani wetu inatoka Pemba, mikononi mwa wanawake. Kuna aina ya spinosumu, ambayo ni ngumu na bei yake ni ndogo, na kuna kotonii, ambayo bei yake ni nzuri zaidi lakini haivumilii maji yanapopata joto. Matawi hugeuka meupe, hulegea, hukatika, na mama aliyetia mbegu bamvua lililopita, yaani maji makubwa yanayorudi kila wiki mbili hivi, huikuta kamba tupu. Ndiyo maana swali letu ni hili: je, kotonii ikitolewa kwenye maji machache, kwenye kamba na vigingi, ikapelekwa maji ya kina ndani ya neti za mrija, yaani neti ndefu zenye umbo la bomba, itakua vizuri kiasi cha kulipa gharama? Maana neti ni pesa, na chombo cha kuifikia ni pesa, na wengi wa wanawake hao hawajui kuogelea. Mtu hamshauri mama wa watu aingie gharama na hatari ya namna hiyo kwa kutazama mstari mzuri wa rangi ya buluu kwenye grafu.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Tulipanda mbegu ya gramu 100 kwa kila sampuli, tukaipima kila bamvua, na baada ya siku 42 sampuli zetu 12 za neti zilikuwa na wastani wa gramu 380, ilhali za kamba zilikuwa na wastani wa gramu 300. Kwa kanuni ya kawaida ya kiwango cha ukuaji, ambapo unachukua logi asilia ya uzito wa mwisho ukigawa kwa uzito wa mwanzo, kisha ukagawa kwa idadi ya siku, hiyo ni takriban asilimia 3.18 kwa siku kwa neti na asilimia 2.62 kwa kamba. Nikajenga ripoti, nikaweka grafu mbili, nikaandika chini yake aya ya maelezo yenye tarakimu hizo, na nikatuma kiungo kwa msimamizi wetu na kwa wenzetu wote. Siku chache baadaye nikaifungua ripoti hiyohiyo kwa projekta, mbele ya wakulima, katika skuli moja wilaya ya Micheweni.

Grafu iliyotokea ukutani ilisema neti gramu 270, kamba gramu 300. Aya yangu iliyokuwa chini ya grafu hiyo iliendelea kusema 380.

Nilisimama pale nikihangaika na kipanya kama mtu aliyepoteza ufunguo mlangoni pake mwenyewe. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa mbele, ambaye amelima mwani tangu mimi sijaanza skuli, akaniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko matusi: "Mwanangu, juzi mwatwambia neti yaishinda kamba, leo kamba yaishinda neti, sasa sie tushike lipi?" Sikuwa na jibu. Nilisema mtandao unasumbua, na hadi leo ninaona haya kwa uongo huo, kwa sababu mtandao siku ile haukuwa na kosa lolote.

Ilinichukua usiku mzima kugundua kilichofanyika. Wenzetu wa Unguja walikuwa wameanza jaribio lao la neti, sampuli 12, na asubuhi ya mkutano walipakia vipimo vya siku ya 14, ambavyo wastani wake ulikuwa gramu 160. Kichujio cha ripoti yangu kilikuwa kimechagua sampuli zote za kotonii zilizo kwenye neti, na kumbe jukwaa halihifadhi orodha ya sampuli zilizokuwapo siku ulipoijenga ripoti. Linahifadhi kichujio tu, na kila mtu anapofungua kiungo linakwenda kuchota upya chochote kinacholingana nacho. Kisha, na hapa ndipo damu yangu inapochemka, safu inayoitwa uzito wa mwisho haimaanishi uzito wa siku ya kuvuna. Inamaanisha kipimo kilichopakiwa mwisho, hata kama mwani una wiki mbili tu majini. Kwa hiyo mwani uliokomaa na mwani mchanga ulijumlishwa pamoja, 380 na 160, ukagawanywa kwa mbili, ikatoka 270, bila alama, bila onyo, bila hata kutaja kwamba idadi ya sampuli imetoka 12 ikawa 24.

Angalieni dhihaka iliyomo. Mwani wa gramu 100 uliofika gramu 160 kwa siku 14 unakua kwa takriban asilimia 3.36 kwa siku, yaani kituo cha Unguja mpaka wakati huo kilikuwa kinakwenda vizuri kuliko chetu. Data zilizoithibitisha neti ndizo zilizotumika kuishushia hadhi mbele ya watu waliotakiwa kuiamua.

Baada ya siku ile sikuiamini tena ripoti yoyote, nikaanza kuzipitia za nyuma moja baada ya moja kwa daftari na kikokotoo. Nilichokikuta ni kibaya zaidi, kwa sababu hicho kilikuwa kimelala kimya muda mrefu. Msimu wa kusi tulikuwa na kamba 10 mahali pamoja. Mbili zilichukuliwa na mawimbi, na nane zilizobaki zilikuwa na wastani wa gramu 350. Kwenye jukwaa tuliacha nafasi za zile mbili wazi, kama inavyopasa, kwa kuwa hatukuzipima. Jukwaa likaziandika sifuri. Wastani ukawa gramu 280, na kiwango cha ukuaji kikashuka kutoka asilimia 2.98 hadi 2.45, tofauti ambayo sisi tuliijadili kikao kizima tukitafuta sababu yake kwenye joto la maji na kwenye mbegu. Kamba iliyopotea ni habari muhimu, sibishi, na inastahili kuripotiwa kama kamba iliyopotea. Lakini kusema kwamba ilipimwa na ikakutwa haina uzito ni kutunga kipimo ambacho hakuna mtu aliyekichukua. Na kwenye grafu za mstari hufanya kinyume chake: wiki ambayo hatukupima kwa sababu bahari ilichafuka, mstari unapita juu yake laini kabisa, kana kwamba tulikuwapo.

Ulaini huo nao una kisa chake. Ripoti huja na kitu cha kulainisha mistari ambacho kimewashwa tangu mwanzo, na ulainishaji huo ulimeza mporomoko wa ghafla uliotokea pale matawi yalipoanza kuwa meupe. Mkulima aliuona kwa macho. Sisi wataalamu tulimwambia grafu haionyeshi.

Kuhusu wastani wa vijiji, nitasema kwa ufupi: mahali penye sampuli 24 zenye wastani wa gramu 300 na mahali penye sampuli 4 zenye wastani wa gramu 440, jukwaa linachukua wastani wa wastani mbili na kukupa 370, ilhali ukizihesabu sampuli zote 28 unapata 320. Kama wangeandika tu kwamba ndivyo wanavyohesabu, ningenyamaza.

Lipo na suala la tarehe. Huku hatupandi kwa kalenda ya ofisi, tunapanda kwa bamvua, na kijiji hiki huanza leo na kile huanza baada ya siku kadhaa kulingana na maji, chombo na arusi za watu. Mlinganisho wenye maana ni wa siku ya 14 kwa siku ya 14, tangu mbegu iingie majini. Ripoti haikubali hilo. Mhimili wa chini ni tarehe tu, tena si tarehe ya kupima bali tarehe ya kupakia, na kwa kuwa ufukweni mtandao ni wa kubahatisha, vipimo vya wiki mbili huweza kupakiwa jioni moja, vikasimama vyote kwenye mstari mmoja kama milingoti ya bandarini. Nikiri pia kosa letu, maana mtu mwadilifu husema na yake: wasaidizi wetu waliandika saa za joto la maji kwa Kiswahili, saa 3 asubuhi na saa 8 mchana, na jukwaa likazisoma kama saa tisa ya usiku na saa mbili ya asubuhi, ikawa bahari yetu inapata joto kabla watu hawajamaliza kunywa chai. Hilo tulilirekebisha wenyewe na sikulilalamikia kwa mtu. Ninalitaja ili asitokee wa kuniambia kwamba sikuangalia kwanza upande wangu.

Niliwaandikia wenye jukwaa mara nne. Mara ya kwanza nilipata jibu la mashine lililonishukuru kwa subira ambayo sikuwa nimeiahidi. Mara ya pili nilielekezwa kwenye mwongozo, ambao nilikuwa nimekwisha kuusoma, na ambao unaonyesha jinsi ya kubadili rangi za grafu kwa kurasa kadhaa na hausemi lolote kuhusu nafasi zilizoachwa wazi. Mara ya tatu alijibu mtu, nikafurahi, akaniambia kwamba ripoti zinazojihuisha zenyewe ni sifa ya jukwaa na wateja wengi wanaipenda. Ya nne haijajibiwa.

Sikatai kwamba ripoti inayojihuisha ina kazi yake. Ukiwa katikati ya jaribio, unataka kuona kila asubuhi hali ikoje, na hapo ni nzuri mno. Lakini ripoti ya kulinganisha inayotumwa kwa watu wafanye uamuzi ni kama hati. Ikishatiwa saini haiwezi kubadilika maneno ndani ya bahasha. Wangeweza kuweka kitufe kimoja cha kuigandisha, kikahifadhi sampuli zilizomo na tarehe yake, na kikaandika toleo jipya pembeni pale data zinapoongezeka. Wangeweza kuandika idadi ya sampuli kando ya kila wastani. Nafasi wazi ibaki wazi, na mtafiti aachiwe aseme siku yake ya kwanza ni ipi. Haya si maombi ya watu wa kisiwani wasiojua mambo. Yeyote anayelinganisha majaribio, awe anapima mwani, dawa au programu za kompyuta, atayahitaji yaleyale.

Kwa sasa tumefanya hivi: tunapakua vipimo ghafi vyote baada ya kila bamvua, tunavihifadhi katika faili lenye tarehe, tunahesabu kwa lahajedwali, na picha ya grafu inayotumwa ni picha kweli, si kiungo. Ripoti zote tulizokwisha kutuma tumezitumia barua ya masahihisho, na kwa msimamizi wetu nimekwenda mwenyewe. Micheweni nimerudi Jumamosi na karatasi zilizochapishwa, nikamwonesha yule bibi hesabu kwenye daftari, mstari kwa mstari, na kumwomba radhi kwa habari ya mtandao. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hatanunua neti mwaka huu. Sikumlaumu.

Ninachotaka kwenu ni mambo mawili. Mwenye kutumia jukwaa la aina hii, hata kama si hilohilo, aniambie kama amepata njia ya kufunga ripoti isibadilike, na kama njia hiyo inafanya kazi kwa mtu anayefungua kiungo bila akaunti. Na mwenye kujua taratibu za mikataba ya huduma za mtandaoni anieleze kama tunaweza kudai sehemu ya ada, kwa sababu ankara ya mwaka wa pili imekwisha kuingia, inatutaka tulipe kabla ya bamvua lijalo, na chini yake wameambatisha ripoti nzuri yenye grafu tatu inayoonyesha jinsi tulivyonufaika na huduma yao.

Nimeifungua mara mbili, na mara ya pili tarakimu zilikuwa tofauti.