Kompyuta ya steshenari imezima katikati ya kazi: nitengeneze au ninunue nyingine? (Kigoma)

MamaSteshenari_Mwanga:

Wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za kazi. Naombeni ushauri wa kweli, maana hela niliyonayo ni moja na ikipotea haina pacha.

Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma. Nachapa, natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nawajazia vijana maombi ya ajira na ya mkopo wa chuo, na wafanyabiashara wanaovusha mizigo kwenda Kalemie na Bujumbura naandika karatasi zao. Kazi zote hizo zinabebwa na kompyuta moja: Dell OptiPlex 790, ile ya mnara, i3, RAM 4, diski ya GB 250, Windows 10. Niliinunua 2016 ikiwa imeshatumika, laki mbili na nusu pamoja na monita. Ilikuja na treni kutoka Dar ikiwa imeviringishwa ndani ya godoro, na ilifika bila hata mkwaruzo.

Sasa imezeeka. Saa haishiki. Kila asubuhi nikiwasha inanirudisha 2011, na nisiporekebisha tarehe tovuti za serikali zinagoma kufunguka, mteja ananitazama tu. Inachukua karibu dakika nne mpaka iwe tayari. Diski nayo siku hizi inalia, tik, tik, kama mtu anayegonga kucha kwenye meza.

Hayo nilikuwa nayavumilia. Kilichonileta hapa ni cha juzi. Tangu Januari ilikuwa inazimika yenyewe, mara moja kwa wiki, baadaye kila siku mbili. Juzi nilikuwa nachapa mtihani wa hesabu wa kidato cha pili, kurasa saba, zile alama za mizizi na sehemu juu ya sehemu. Nilianza saa tatu asubuhi. Nimebakiza swali la mwisho, umeme upo, taa inawaka, feni inazunguka, mashine ikatoa "tk" ikazima. Tangu hapo haijawaka. Nikibonyeza, kitaa cha kwenye kitufe kinapepesa rangi ya chungwa basi. Mwalimu mwenye mtihani alikuwa amesimama pale pale mezani. Hakusema neno, aliangalia saa yake akaaga.

Fundi wa kwanza hakuifungua. Alitazama kitaa akasema madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa, ninunue kompyuta nyingine, anayo moja ya laki nne na themanini. Wa pili akasema ni pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya mashine, elfu arobaini na tano, ila akanionya kwamba kompyuta ya umri huu ikipona hapa itaumwa pale.

Nina laki tatu na nusu. Mume wangu anasema tuongeze tununue nyingine, mdogo wangu anasema laptopu. Mimi roho inasita kwa sababu moja zaidi: mle ndani kuna kazi zangu za miaka yote hii, mitihani, barua, kadi za harusi na za send-off ambazo wateja wanarudi kuzifuata. Nakala sina.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Fundi_Gungu:

Marahaba mama, na pole sana. Nipo Gungu, hizi 790 nimezifungua nyingi. Kabla hujatoa hata shilingi, fanya jambo moja leo, halihitaji fundi.

Geuza mnara uangalie nyuma, juu, pale waya wa umeme unapoingia. Pembeni yake kuna kitufe kidogo na kitaa kidogo. Dell waliviweka kwa ajili ya kupima pawa saplai peke yake. Chomeka umeme, bonyeza kile kitufe ushikilie. Kitaa kikiwaka kijani, pawa saplai inatoa moto. Kisipowaka usihukumu bado: chomoa umeme, fungua mfuniko wa ubavuni, chomoa nyaya zote zinazotoka kwenye pawa saplai kwenda kwenye madabodi, diski na sidii, kisha rudisha umeme ubonyeze tena. Kikiwaka safari hii, pawa saplai ni nzima na kuna kitu kingine kinachoivuta chini, huenda ndiyo hiyo madabodi. Kikikataa tena, pawa saplai imekufa, na yule fundi wa kwanza alitaka kukuuzia kompyuta nzima kwa ugonjwa wa elfu arobaini na tano.

Kitaa cha chungwa kinachopepesa kinamaanisha mojawapo ya viwili hivyo, pawa saplai au madabodi. Hakuna anayeweza kujua ni kipi kwa kutazama tu.

Uzuri wa huo mnara wako ni kwamba unakubali pawa saplai ya kawaida, yenye kichwa cha pini 24, unaipata hata hapa mjini. Dell waliofuata walianza kuweka kichwa chao wenyewe cha pini 8, hapo usipopata ya kwao unatafuta waya wa kubadilishia.

Saa kurudi 2011 ni betri tu, ile ya mviringo CR2032, inauzwa mpaka kwa mafundi saa. Diski inayolia ndiyo inayonitisha kuliko vyote. Mashine ikiwaka, usifanye kazi yoyote, hamisha mafaili yako kwanza. Usiruhusu mtu aanze "kuisafisha" au kuikagua usiku kucha. Diski ya namna hiyo inaweza kuwa imebakiza safari moja.

Halafu nina swali. Fotokopi yako umeichomeka wapi?

Mnyamwezi_Isevya:

Dada, salamu kutoka Tabora. Mimi nakuambia kilichonipata ili ukiamua kununua ununue ukiwa macho.

Mwaka jana mashine ya ofisini kwangu ilikufa, nikaona uzee umeifikia, nikaagiza Dar OptiPlex 7050, i5, RAM 8, laki tano na ishirini, nauli ya basi juu yangu. Muuzaji aliniandikia kwamba inakubali Windows 11. Ilifika nzuri, inang'aa. Windows 11 ikaikataa. Prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, ni i5-7500, kizazi cha saba, na Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha nane. Tofauti yake na 7060 ni tarakimu moja kwenye jina, ila 7060 ina i5-8500 na inakubalika. Nilipomrudia akasema nimrudishie mzigo tuzungumze. Kurudisha kutoka Tabora nilipe nauli tena, nikae bila mashine wiki mbili, na huko akikubali asikubali mimi nipo mbali. Nimebaki nayo.

Kwa hiyo usinunue kwa neno "i5". Omba picha ya skrini inayoonyesha jina zima la prosesa. Baada ya kistari, tarakimu ya kwanza ikiwa 8 au 9, endelea na mazungumzo. Ikiwa 10 na kuendelea, bora zaidi. Ikiwa 4, 6 au 7, unanunua mashine yenye tatizo lile lile la hiyo uliyonayo, imevaa kava jipya. Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft waliruhusu mwaka mmoja wa nyongeza wa masasisho hayo, hadi Oktoba 2026, kwa anayejiandikisha, na wewe kwa kuwa unaingiza taarifa za watu za NIDA usiache kujiandikisha.

Na waranti ya Dar kwa sisi wa huku ni nusu waranti. Ya jirani unayeweza kumwendea kwa miguu ndiyo nzima.

Binti_Katubuka:

Mama shikamoo. Mimi ningechukua laptopu. Umeme ukikatika betri inakushikilia, unamaliza ukurasa na kuhifadhi. Halafu jioni unaenda nayo nyumbani, wezi hawaikuti dukani.

Fundi_Gungu:

Binti hajakosea kuhusu umeme. Ila laptopu ya laki tatu na nusu ni mtumba, na betri ya mtumba mara nyingi inashika dakika ishirini. Kibodi yake ikifa kwa kuchapwa kutwa, kubadilisha ni kazi. Kibodi ya kompyuta ya mezani ikifa unanunua nyingine ya elfu kumi na tano unaendelea. Kwa mtu anayechapa mtihani wa kurasa saba, mimi naiona ya mezani.

MamaSteshenari_Mwanga:

Ndugu zangu, nimerudi na majibu. Asanteni sana, nimesoma kila mstari.

Juzi usiku nilifunga duka, nikabaki na kijana wangu akinimulikia kwa tochi ya simu. Kitufe tulikiona pale pale uliposema, Fundi, na sikuwahi kukigundua miaka yote hii. Tukabonyeza: kimya. Tukachomoa nyaya zote, ile ya pini 24 ilitutoa jasho, ina kikucha cha kubana pembeni. Tukabonyeza tena: kimya. Nikajikuta nimekaa chini kwa kufurahi.

Jana asubuhi nikampelekea yule fundi wa pili, tukaifungua pawa saplai yenyewe pamoja, alipokwisha kuiacha ikae ipoe. Nitawaeleza nilichokiona maana sikutarajia. Vumbi lilikuwa limeshikana kama sufi ya mto, la kijivu, linatoka kipande kizima. Chini ya hilo vumbi alikuwepo mjusi, amekauka, mkia umegusa upande mmoja na kichwa upande mwingine. Kando yake kapasita mbili, zile kopo ndogo, juu zilikuwa zimevimba kama andazi, moja imechanika na kutoa utomvu wa kahawia. Fundi akasema mjusi huenda aliingia zamani, ila zile kapasita ni kazi ya umeme na joto, si ya siku moja.

Sasa Fundi_Gungu, swali lako la fotokopi lilinitoa usingizi. Fotokopi na kompyuta vilikuwa kwenye ekstensheni moja. Na ni kweli, kila nikibonyeza kopi ya kwanza asubuhi, taa ya dukani inafifia kidogo halafu inarudi. Nilidhani ni umeme wa mtaa.

Hesabu yangu: pawa saplai 45,000, betri 2,000, SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya GB 240 kwa 68,000, na RAM 4 ya mtumba 20,000 kwa kuwa nafasi zilikuwepo. Jumla 135,000. Imebaki 215,000, na hiyo nimeifungia. Mume wangu nimemwelewesha hivi: tukinunua leo kwa laki tatu na nusu tutapata kizazi cha nne au cha sita, yaani yale yaliyompata kaka wa Isevya. Tukijikongoja na hii hadi mwakani, hela ile ikaongezeka, tutanunua kizazi cha nane tukiwa hatujabanwa. Akakubali. Sisemi hii mashine ni ya milele, nasema haijafikia kutupwa.

Diski ya zamani tuliinakili kabla ya lolote, ikakesha usiku kucha ikilia. Mafaili matatu yamegoma kufunguka, mawili ni kadi za 2018, moja sijui ni nini. Yote mengine yapo. Nimeyaweka kwenye flashi mbili, moja ipo nyumbani. Kuwaka sasa ni nusu dakika, nimeipima kwa saa ya simu mara tatu kwa sababu sikuamini.

Na mtihani! Word ilipofunguka ikaniletea yenyewe nakala iliyookoa. Swali la ishirini na moja tu ndilo halikuwepo.

Fundi_Gungu:

Alhamdulillahi mama. Ile taa kufifia ndiyo iliyokuwa ikiiua pole pole. Fotokopi ina kipande kinachopasha karatasi moto, kikianza kupata joto kinavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na mwenzake wa ekstensheni moja anabaki na mabaki. Itafutie fotokopi soketi yake ya ukutani, leo. Ukipata UPS, ile ya betri inayoshikilia umeme ukikatika, ndogo ya VA 650 inatosha mnara na monita kwa dakika za kuhifadhi na kuzima. Fotokopi na printa ya leza usizichomeke kwenye UPS hata kwa bahati mbaya, zitaiua.

Na ile mifuniko ya nyuma ya mnara, zile nafasi za kadi zilizo wazi, ziba. Mjusi anapenda joto.

MamaSteshenari_Mwanga:

Nafasi moja ilikuwa wazi kweli, nimeiziba kwa kibati. Fotokopi imehamia ukuta wa pili, imebidi nisogeze na kaunta. Nikibonyeza kopi sasa taa ya juu ya kompyuta haitikisiki. UPS nitaulizia mjini Jumamosi, mwenye kuona bei nzuri Kigoma aniambie hapa.

Swali la ishirini na moja nimelichapa upya. Mwalimu amekuja saa nne kuchukua mtihani wake, nimempa kwenye karatasi na kwenye flashi.