Taa kubwa laini za LED ndani ya nyumba ya boriti: paneli, mkeka au kitambaa?

MwanaSeti (Unguja)

Wakuu, salaam. Mwezi ujao, Julai, naanza kupiga filamu fupi ya dakika 20 ndani ya nyumba ya zamani Mji Mkongwe. Karibu yote inatokea katika chumba kimoja cha ghorofa ya pili: bibi na mjukuu wake, mazungumzo marefu, mengi ya usiku. Mnaozijua nyumba hizi mnaijua shughuli yake. Dari ni la boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi, chumba ni chembamba na kirefu. Nimekipima: upana mita 2.7, urefu mita 6.2. Kuta ni za chokaa nyeupe, madirisha mawili, yote yanatazama kichochoro.

Nataka mwanga laini unaotua usoni taratibu. Nina njia tatu, na pesa ya njia moja. Ya kwanza, kukodi paneli mbili za ARRI SkyPanel S60-C Dar, zivuke na boti. Ya pili, kununua mkeka wa LED (taa bapa inayojikunja kama mkeka) wa futi 2 kwa 2, Amaran F22c, ambao utabaki wangu. Ya tatu, kukodi taa moja ya COB (LED zilizobanwa pamoja ziwe chanzo kimoja kidogo chenye nguvu) ya wati 600 na kuiweka nje ya dirisha nyuma ya fremu kubwa ya kitambaa.

Waigizaji wote wawili ni weusi, na bibi ni mweusi tii. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote. Naomba ushauri wa waliokwisha kuzishika taa hizi kwa mikono yao.

Gafa_Temeke (Dar es Salaam)

Dada, chukua SkyPanel. S60 ilitoka mwaka 2015, na mpaka leo nikiambiwa nichague taa moja ya kunitoa kazini bila aibu ni hiyo. Joto la rangi, yaani mwanga kuwa wa manjano au wa buluu, linakwenda kutoka kelvini 2800 hadi 10000, na muhimu zaidi kwako, una uwezo wa kuongeza au kupunguza ukijani. Balbu za LED za dukani ambazo bila shaka zimo ndani ya nyumba hiyo huwa na ukijani. Macho hayauoni, kamera inauona. Ukiwa na S60 unaifuata balbu mpaka zinafanana, kisha kazi ya rangi baadaye inakuwa nyepesi.

Jambo la pili ni kupunguza mwanga. Scene za usiku utashusha taa mpaka asilimia tano, hata tatu. Paneli nyingi za bei ya chini zikifika huko rangi inahama au picha inaanza kupepesa. Hii haihami.

Uzito ni kama kilo 12 kila moja. Tafuta stendi nzito, na vijana wawili wa kupandisha kwenye ngazi zile.

Dada_Kivuli (Nairobi)

Kaka Gafa, kwa rangi niko nawe. Kwa ulaini, hapana.

Ulaini hauletwi na jina la taa. Unaletwa na ukubwa wa chanzo kikitazamwa kutoka usoni mwa mwigizaji. Uso wa S60-C unaotoa mwanga ni milimita 645 kwa 300. Piga hesabu: ni kama meta za mraba 0.19. Mkeka wa futi 2 kwa 2 ni karibu 0.36. Yaani ule mkeka wa bei nafuu una eneo karibu maradufu ya SkyPanel moja. Watu wanaona "wati 400" wanadhani ni taa kubwa. Ni taa yenye nguvu, lakini ikiwa peke yake, bila fremu ya kitambaa mbele yake, ni ndogo. Katika ukoo ule kubwa hasa ni S360-C, milimita 1290 kwa 810, wati 1500. Hiyo ina uzito wa karibu kilo 40, wala usifikirie kuipandisha ghorofani.

Sasa kuhusu bibi. Nimepiga picha za watu weusi tii miaka mingi na kosa ninaloliona kila mara ni lilelile: mtu anaona uso hauonekani vizuri, anaongeza wati. Mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi ni wa aina mbili. Kuna ule unaoingia ndani ya ngozi na kutoka ukiwa na rangi yake, na kuna ule unaorudi juujuu kama kwenye kioo, ule mng'ao. Ngozi nyeusi hunywa mwingi wa ule wa kwanza, ila mng'ao wa juu uko palepale, sawa na wa mtu yeyote. Kwa hiyo umbo la uso mweusi tii huchorwa zaidi na mng'ao. Na mng'ao ni picha ya taa yako! Taa ndogo kali itakupa vidoa vyeupe kwenye paji la uso na ncha ya pua. Taa pana itakupa utando mpana, mpole, unaofuata shavu mpaka kidevuni. Ukiongeza wati kwenye taa ndogo, unachoongeza zaidi ni ukali wa vidoa.

Kwa hiyo nunua eneo kwanza, wati baadaye. Mimi nasema mkeka. Usimpake bibi poda ya kuua mng'ao wote, mpake mafuta kidogo.

Mzee_Saketi (Mombasa)

Wanangu, kabla hamjachagua taa, mmeuliza umeme?

Plagi ya pini tatu bapa hapa kwetu ina fyuzi ya ampea 13. Kwa volti 230 hiyo ni kama wati 3000, na hizo ni hesabu za nyumba yenye waya wazima. Nyumba za mji wa kale, huku Mombasa na huko Unguja, zina nyaya zilizounganishwa juu ya nyingine tangu enzi za babu zetu. Mimi sivuki wati 1500 kwa soketi moja, na feni na birika la umeme naziomba zizimwe. Paneli mbili za wati 400 zinapita. Taa ya COB ya wati 600 inapita. Mkeka ndio usiseme, hata betri za kamera zinauwasha. Waya wa kurefushia ufungueni wote kutoka kwenye gurudumu lake, usiachwe umeviringwa ukiwa na mzigo, utapata moto.

Njia ya tatu, ya dirishani, naipinga kwa moyo wote. Ghorofa ya pili, kichochoro chembamba, Julai. Upepo wa kusi umekolea wakati huo. Fremu ya mita 2.4 kwa 2.4 ni tanga, si taa. Nimewahi kuona fremu kama hiyo ufukweni ikinyanyuka na mifuko minne ya mchanga juu ya miguu yake, na mtu akaumia bega. Nje ya dirisha la ghorofani huna hata pa kuweka mifuko, na chini wanapita watoto wa chuoni.

Mjue pia kwamba taa hizi nyembamba zilizaliwa kwa ajili ya vyumba vya namna hii. Kampuni ya Kino Flo ilianza mwaka 1987 kwa sababu fundi taa Frieder Hochheim alikuwa na lokesheni iliyobana mno kwa taa za kawaida, akatenganisha mirija ya taa za fluoresenti na mashine yake ya kuiwasha ili mirija iweze kubandikwa ukutani. Mkeka wa LED ni mjukuu wa wazo hilo. Utundike juu, funga kwa kamba ya katani kwenye boriti, usitoboe hata tundu moja.

MwanaSeti

Shikamoo Mzee. Nimeshaifuta njia ya dirishani, asante. Dada Kivuli, maelezo ya mng'ao nimeyasoma mara tatu. Swali: kuna scene bibi anatoka mlangoni, anatembea mpaka kitandani, kama mita tatu. Mkeka utaweza?

Binamu_Munich (Ujerumani)

Marahaba kwa mjadala, mimi nafanya kazi kwenye ghala la kukodisha taa huku. Kwa scene hiyo, mkeka peke yake hautaweza, na sababu yake si nguvu.

Chanzo cha sentimita 60 kikiwa mita 1 kutoka usoni kina ulaini uleule wa chanzo cha mita 2.4 kikiwa mita 4. Kivuli cha pua kitafanana. Lakini mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Bibi akirudi nyuma nusu mita kutoka kwenye mkeka, yaani kutoka mita 1 hadi 1.5, anabaki na kama asilimia 44 ya mwanga. Akirudi nusu mita ileile mbele ya chanzo kilicho mita 4, anabaki na kama asilimia 79. Ya kwanza kila mtu ataiona. Ya pili hakuna atakayeigundua. Mkeka ulio karibu ni wa mtu aliyekaa. Chanzo kikubwa kilicho mbali ni cha mtu anayetembea.

Na chumba chako kinakupa jibu chenyewe. Upana ni mita 2.7. Tundika kitambaa cheupe cha mita 2.4 kufunika ukuta wa mwisho, weka taa ya COB sakafuni, ielekeze kwenye kitambaa, mwanga udunde urudi chumbani. Unapoteza kama mita moja na nusu ya urefu, zinabaki zaidi ya nne. Hakuna fremu wala upepo.

Kuhusu rangi, usitazame CRI peke yake, ile alama ya jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi. Wastani wake unatokana na rangi nane zilizopauka, na nyekundu iliyokolea, R9, haimo. Ngozi ya Mwafrika ina wekundu mwingi chini yake. Uliza R9.

Fundi_Tanga

Kitambaa hicho msikiagize mbali. Nendeni dukani mkanunue merikani. Ile ambayo haijapaushwa huvuta mwanga kidogo kuelekea manjano, na kwa scene ya taa ya usiku inampendeza mtu mweusi kuliko nyeupe tupu. Ukitaka nyeupe, bafta. Na kwa kuta za pembeni nunua kaniki, nyeusi kabisa, si ile ya buluu. Chokaa nyeupe pande zote mbili kwa upana wa mita 2.7 itarudisha kila mwanga unaoutuma, bibi atakuwa bapa kama picha ya pasipoti. Kaniki upande ambao kamera haiuoni ndiyo itakayompa shavu la giza. Vyote vifue kwanza, wanga wa dukani utoke, la sivyo vinang'aa.

Taa ya COB yenye kiakisi mbele ina joto. Iache mbali na kitambaa, mita moja na zaidi.

Gafa_Temeke

Kudundisha kwenye merikani kutakula mwanga mwingi. Je, zitabaki nguvu za kutosha?

Binamu_Munich

Kwa usiku, kamera ikiwa ISO 800 (wepesi wake wa kuona mwanga) na lenzi imefunguka f/2.8, zitabaki. Mchana hapana. Mchana aachie madirisha yafanye kazi.

MwanaSeti

Wakuu, nimerudi. Tumemaliza jana. Nawaeleza ilivyokuwa, maana nyinyi ndio mlioitengeneza.

Nilinunua mkeka. Taa ya COB nikaikodi kwa usiku miwili tu, ule wa scene ya kutembea, na pesa ikatosha. Merikani mita 12, kaniki mita 10.

Kwa nyuso za karibu mkeka ulining'inia chini ya boriti, kama sentimita 90 kutoka usoni mwa bibi, kwa asilimia 8 tu. Usiku wa kwanza niliuwasha bila kaniki, na Fundi_Tanga, ilikuwa kama ulivyosema: bapa. Tulipotandaza kaniki ukutani kwake kushoto, uso ukaja. Bibi mwenyewe alitazama kwenye skrini, akagusa shavu lake, akasema, "Huyu ni mama yangu." Nilitoka nje kidogo.

Ambalo hakuna aliyenionya ni miwani. Bibi huvaa miwani, na chanzo kikubwa kinaonekana ndani ya kioo kama mraba mweupe, kila macho unapotaka kuyaona. Tulipoteza saa nzima. Dawa ilikuwa kuupandisha mkeka juu zaidi na kuinua mikono ya miwani kidogo juu ya masikio, vioo vikainama chini. Nikapoteza mwanga kidogo kwenye mboni, nikakubali.

Scene ya kutembea ilipita mara ya tatu. Kutoka mlangoni hadi kitandani mwanga haukuruka. Balbu ya varanda ilitaka kupepesa, nikarudisha shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, ikatulia.

Gafa, kwa rangi ulikuwa na haki: mkeka kwa asilimia 3 ulianza kuvuta uwaridi. Sikushuka chini ya 6, nikapunguza kwa kuuvika bafta.

Swali la mwisho: mkeka nauhifadhi vipi? Umeshaanza kuonesha alama ya mkunjo.

Gafa_Temeke

Hongera sana dada. Usiukunje kama shuka, nyuzi za ndani hukatika palepale kwenye mkunjo na mstari mzima wa taa unazima. Uache ulale bapa kwenye mfuko wake. Ukilazimika, uviringe kwa upana, taa zikitazama nje, kama unavyoviringa mkeka wa kulalia. Na kwa kuwa uko pwani, ufute chumvi kwa kitambaa kikavu kabla hujaufunga.